Taa Zinaondoka, Zebaki Inabaki

Ukiingia leo kwenye maduka ya vifaa vya umeme Mwanjelwa, hapa Mbeya, utakuta LED ndiyo iliyotawala ukuta. Tyubu za futi nne, zile zilizokuwa zikipepesa mara tatu nne kabla ya kuwaka na kumlazimu mtu apande juu ya kiti kuzungusha stata, zimesogezwa rafu ya nyuma pamoja na choki zake. Si biashara peke yake iliyozisogeza. Nchi wanachama wa Mkataba wa Minamata kuhusu Zebaki, Tanzania ikiwemo tangu ilipouridhia mwaka 2020, zilikubaliana Bali mwezi Machi 2022 kwamba taa ndogo zilizojikunja, enaji seva tunavyoziita, zisitengenezwe, zisiingizwe wala zisipelekwe nchi nyingine baada ya 2025. Mkutano uliofuata, Geneva mwaka 2023, ukazifikia tyubu zenyewe: aina ya zamani mwisho wake 2026, aina ya kisasa zaidi mwisho wake 2027. Habari hii imepokelewa kama habari ya kufunga mjadala. Nimeisikia maofisini na vijiweni kwa maneno yanayofanana: zebaki ya kwenye taa imepigwa marufuku, basi hilo limekwisha.

Halijakwisha. Kwa mji kama Mbeya ndiyo kwanza linaanza. Tarehe hizo ni za kiwanda, bandari na mpaka. Tyubu iliyokwisha kufungwa kwenye dari la darasa, wodi, benki au ofisi ya kata inaruhusiwa kuendelea kuwaka hadi ife, na muda wote inapowaka zebaki yake imetulia ndani ya kioo bila kumdhuru mtu. Hatari yake huja siku inaposhushwa. Kwa hiyo miaka hii ambayo kila taasisi inahamia LED, kwa sifa ya kuokoa umeme au kwa kuwa tyubu mpya hazipatikani tena, ndiyo miaka ambayo zebaki ya taa itateremka kutoka darini kwa mkupuo. Tumeshangilia mlango wa mbele kufungwa bila kuuliza mzigo uliokwisha kuingia ndani utatokea wapi.

Zebaki haikuwekwa mle kwa bahati mbaya. Bila hiyo tyubu haiwaki: umeme ukipita ndani, mvuke wa zebaki hutoa miali isiyoonekana kwa macho, na ule unga mweupe uliopakwa ndani ya kioo huigeuza miali hiyo kuwa mwanga. Kiasi chake ni kidogo. Enaji seva ya kawaida ina takriban miligramu 3 hadi 5, tyubu ndefu 5 hadi 10, na zile nene za zamani zilizidi hapo. Nje ya taa imo katika baadhi ya betri za kitufe, katika swichi za baadhi ya vifaa vya zamani, na mahali ambapo wengi hawapafikirii: kwenye skrini. Hapa hata mafundi wazuri hukosea. TV ya chogo inaogopwa, ni nzito, kioo chake kina madini ya risasi, na kila mtu anaitambua kuwa ni taka. Lakini zebaki haiko kwenye chogo. Iko kwenye flati za mwanzo, na kwenye monita na laptopu za kizazi hicho, kabla LED haijashika soko. Nyuma ya kioo chake zimepangwa taa nyembamba kama mrija wa kalamu, kila moja na miligramu zake chache, na TV moja kubwa inaweza kuwa na zaidi ya kumi. Nyingi zilitufikia kama mitumba, zinakufa sasa, na fundi anapoibandua skrini akitafuta bodi, mirija ile ni miepesi mno kuvunjika.

Ukizungumzia taka za namna hii Mbeya, jibu la kwanza utakalopewa ni kwamba taka hizo hazipo, maana watu wa skrepa wanachukua kila kitu. Nusu ya jibu hilo ni kweli, tena ni nusu ya kuheshimiwa. Kijana anayesukuma mkokoteni wake kutoka mtaa wetu wa Soweto anafanya kazi ambayo bila yeye ingetushinda. Anajua bei ya shaba, anajua bei ya aluminiamu, anajua bodi ipi ina mnunuzi Dar es Salaam na ipi haina. Choki ya tyubu hailali chini siku mbili, kwa kuwa ina chuma na nyaya. Lakini soko lile linachambua kwa bei, halichambui kwa sumu. Tyubu ikishang'olewa vile vifuniko vya ncha mbili, kinachobaki ni kioo chembamba chenye unga, na hakuna duniani anayekinunua. Zebaki yenyewe, ambayo kwa wachimbaji dhahabu wa Chunya, kaskazini mwa mji, ina bei na wateja, humu haina thamani, maana ili upate gramu moja unahitaji tyubu 100 hadi 200 na mtambo wa kuikamua. Kwa hiyo soko la skrepa halipunguzi tatizo hili hata kidogo. Linaondoa kila chenye thamani na kuiacha sumu peke yake, ikiwa imevunjwavunjwa, bila mwenyewe. Ripoti ya Umoja wa Mataifa ya mwaka 2024 ilikadiria kwamba dunia ilizalisha tani milioni 62 za taka za kielektroniki mwaka 2022, kwamba ni asilimia 22.3 tu zilizokusanywa na kurejelezwa kwa njia inayojulikana, na kwamba taka hizo huachia takriban tani 58 za zebaki kwa mwaka. Kwa Afrika kilichokusanywa rasmi hakikufika asilimia moja. Skrepa wetu wamo ndani ya hesabu hiyo, upande wa kisichojulikana.

Mwaka jana nilikaa foleni katika ofisi moja hapa mjini wakati fundi na kijana wake wakibadilisha taa za ghorofani. LED mpya zilitolewa kwenye maboksi yake moja moja, kwa adabu, kama mayai. Tyubu za zamani zilirushwa kutoka dirishani hadi kwenye kirikuu lililoegeshwa chini. Kila moja ilipasuka kwa mlio kama wa fataki, na watoto waliokuwa wakitoka shule wakasogea kutazama. Yale maboksi matupu, yenye urefu uleule wa tyubu zilizotupwa, yalichomwa nyuma ya jengo. Nitayarudia maboksi hayo.

Hoja nzito dhidi yangu inatoka Chunya, na haifai kuikwepa. Dhahabu ya Lupa inachimbwa tangu miaka ya 1920, na hadi leo kwenye mialo ya kuchenjulia dhahabu ya Makongolosi, Matundasi na Itumbi mchimbaji mdogo anachanganya mchanga uliosagwa na karasha na zebaki, anakamua kwenye kitambaa, kisha anachoma donge ili zebaki iruke na dhahabu ibaki. Kwa kawaida, ili apate gramu moja ya dhahabu hupoteza gramu moja hadi mbili za zebaki, wakati mwingine zaidi. Makadirio ya Umoja wa Mataifa kwa mwaka 2015 yalionyesha kwamba shughuli za binadamu zilirusha hewani tani zipatazo 2,200 za zebaki, na uchimbaji mdogo wa dhahabu ulichangia asilimia 38, kuliko sekta nyingine yoyote. Sasa piga hesabu ya hapa kwetu. Mchimbaji anayepata gramu kumi za dhahabu jioni moja amepoteza zebaki ya tyubu elfu moja au zaidi. Msomaji ana haki ya kuniuliza kwa nini namsumbua fundi wa Mwanjelwa kwa miligramu wakati gramu zinafuka Chunya kila siku.

Kwa uzito, msomaji huyo ameshinda. Kama serikali ina shilingi moja tu ya kushughulikia zebaki katika Nyanda za Juu Kusini, iipeleke Chunya. Ila hoja yake inachukulia kwamba kazi hizi mbili zinagombea shilingi ileile, na hapo ndipo haisimami. Kumwondolea mchimbaji zebaki ni kumgusa riziki. Lazima umpe njia nyingine, mtaji, elimu, na njia nyingine iliyo maarufu zaidi, sianidi, ina hatari zake. Hiyo ni kazi ya miaka, yenye mabishano halali. Zebaki ya kwenye tyubu haimlishi mtu yeyote. Hakuna wa kumfidia, hakuna wa kubishana naye, na sehemu kubwa ya tyubu zenyewe ziko kwenye majengo yanayojulikana, yenye mhasibu na stoo. Kuna jambo la pili, na kwangu ndilo kubwa zaidi. Chunya na mjini wote wanakosa kitu kilekile: mahali pa kupeleka zebaki iliyokwisha kunaswa. Mchimbaji aliyefundishwa kuchomea donge ndani ya ritoti, chombo kilichofungwa kinachonasa mvuke, hubaki na zebaki mkononi, naye hana pa kuipeleka isipokuwa kuitumia tena au kuiuza. Zahanati iliyobadili vipimo vya presha hubaki na vile vya zamani vya zebaki, na kimoja tu kina gramu 80 hadi 100, yaani si chini ya tyubu 8,000, kikiwa kimeegemezwa kwenye kabati. Stoo moja ya kupokelea zebaki kwa ukanda huu ingewahudumia wote watatu. Ajabu ni kwamba kati yao mwenye ujuzi ni yule anayelaumiwa zaidi. Mchimbaji wa ritoti anajua adui ni mvuke. Fundi wa mjini bado anadhani adui ni kioo kitakachomkata.

Zipo pia hoja nyepesi, na iliyo nyepesi kuliko zote ndiyo inayosemwa zaidi: nimevunja tyubu tangu utotoni na niko hai. Wapo waliochezea zebaki yenyewe shuleni, wakaibiringisha kiganjani, na kweli haikuwafanya kitu. Hata ukiimeza zebaki ya majimaji kama ile, karibu yote itapita tumboni na kutoka. Ukivuta mvuke wake, takriban asilimia 80 ya ulichovuta hubaki mwilini, na mvuke huo hauna rangi wala harufu. Hauui papo hapo. Unakwenda kwenye mishipa ya fahamu na figo, mikono inaanza kutetemeka, kumbukumbu inapungua, hasira zinakuwa za karibu, na kwa mazingira yetu dalili kama hizo zitapewa jina la uzee, pombe au mkono wa mtu kabla ya mtu kuitaja zebaki. Chukua chumba cha mita tatu kwa tatu, mita za ujazo zipatazo 25. Enaji seva yenye miligramu 4 ikivunjika humo na asilimia moja tu ya zebaki yake ikapanda hewani, kila mita ya ujazo inapata zaidi ya mikrogramu moja na nusu, wakati kiwango ambacho Shirika la Afya Duniani lilikipendekeza kwa wastani wa mwaka mzima ni mikrogramu moja. Wastani wa mwaka si siku moja, kwa hiyo anayevunja taa moja nyumbani asipagawe: afungue madirisha, atoe watoto, asubiri robo saa, asitumie ufagio unaotawanya, akusanye vipande kwa kipande cha karatasi ngumu na selotepu, afungie kwenye chupa yenye mfuniko. Mwezi wa Julai, Uyole au Makete, kufungua madirisha ni adhabu, lakini ndiyo dawa. Ninayemzungumzia hapa si mtu wa taa moja. Ni yule wa kila siku: fundi, mzoa taka wa kizimbani, kijana anayechambua dampo la Nsalaga. Uhai wa anayeniambia yuko hai si kipimo cha mapafu ya hao.

Wengine, kwa nia njema kabisa, hupendekeza tyubu na vipimo vilivyovunjika vipelekwe kwenye tanuri la kuchomea taka za hospitali. Hii ni hatari kuliko kuzitupa. Bandeji yenye damu ikichomwa inakuwa majivu na vijidudu vinakufa. Zebaki ni elementi, haiungui ikawa kitu kingine. Inachemka kwenye nyuzi 357, tanuri linapita hapo kwa urahisi, na kilichokuwa kimetulia kwenye kona ya chumba kinatoka kwenye bomba la moshi na kurudi chini na mvua. Ndivyo ilivyo hata kwa mashimo ya taka tunayoyachoma nyuma ya nyumba. Mvua zetu hazikai palepale: maji ya nyanda hizi hushuka Usangu, Rukwa na Nyasa, na ni kwenye tope la mabwawa na maeneo oevu ambako bakteria huigeuza zebaki kuwa metili-zebaki, ile inayoingia kwa samaki na kupanda kutoka mdogo hadi mkubwa. Mji wa Minamata, Japani, uliojifunza hilo kwa gharama kubwa ulikuwa na kiwanda kilichomwaga metili-zebaki baharini tangu 1932 hadi 1968, na ugonjwa wenyewe ulitambuliwa rasmi mwaka 1956. Sisemi kwamba tyubu za Mbeya zimefikisha kambare wa Mtera huko. Nasema kila gramu inayopaa hapa inajiunga na zile za Chunya, na samaki hatofautishi imetoka wapi.

Tunakuja kwenye swali la nani alipe, na hapa naona hata wanamazingira wamekosea njia. Sheria hatuna upungufu nayo. Ipo Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004, na chini yake zipo Kanuni za 2021 za taka za vifaa vya umeme na kielektroniki, zinazomtaka anayekusanya, kusafirisha au kuchakata taka hizi awe na kibali. Wazo linalopendwa siku hizi ni kwamba mtengenezaji na mwingizaji wagharamie mwisho wa bidhaa zao. Kwa simu, TV na betri ni wazo zuri na lisukumwe, ingawa lazima tujue kwamba tozo ikizidi, bidhaa itapita njia za panya Tunduma na Kasumulu bila kulipa chochote. Kwa tyubu wazo hili limechelewa. Huwezi kumtoza mwingizaji wa bidhaa ambayo umemkataza kuiingiza. Walioingiza zilizoko darini wengine wamefunga maduka, na stakabadhi zao nani anazo? Tyubu ni yatima, na yatima hulelewa na mwenye nyumba.

Mwenye nyumba anao uwezo, kwa sababu anayebadilisha taa anaingiza fedha. Tyubu ya wati 36 pamoja na choki yake hula karibu wati 45, na LED inayoichukulia nafasi hula 18. Kwa saa kumi kwa siku, siku 250 za kazi, hiyo ni akiba ya yuniti 67 kwa mwaka kwa kila taa. Jengo lenye tyubu 200 linaokoa zaidi ya yuniti 13,000 mwaka wa kwanza peke yake. Sehemu ndogo ya akiba hiyo inatosha kulipia utunzaji wa zilizoshushwa. Na kwa majengo ya umma hatuhitaji kanuni mpya wala semina. Zabuni zinapita kwenye NeST, mfumo wa kielektroniki wa ununuzi wa umma, na kinachotakiwa ni kipengele kimoja kwenye mkataba wa kubadilisha taa: mkandarasi atashusha tyubu zikiwa nzima, atazirudisha kwenye maboksi yaliyoleta LED, atazihesabu mbele ya afisa wa stoo, na hatalipwa awamu ya mwisho hadi idadi iliyoshushwa ilingane na iliyofungwa. Boksi lilikwisha kununuliwa. Urefu wake unafaa.

Najua nitakachojibiwa: kukusanya bila pa kupeleka ni kuhamisha tatizo kutoka kizimba hadi stoo. Ni pingamizi la haki, na kama zingekuwa chupa za plastiki ningelikubali. Lakini tyubu nzima ndani ya boksi, kwenye chumba kikavu chenye kufuli, inaweza kukaa miaka bila kumgusa mtu, wakati iliyovunjika haina marudio. Tena wenye mitambo ya kuvunjia taa ndani ya chombo kilichofungwa na kuikamua zebaki hawashughuliki na tyubu ishirini. Wanataka shehena. Halmashauri moja haitaijaza kontena, lakini mikoa ya Mbeya, Songwe, Njombe, Iringa na Rukwa kwa pamoja inaweza, na Mkataba wa Basel, ule wa kusafirisha taka hatari, unaruhusu shehena kama hiyo kuvuka mpaka pale nchi inayopokea inapoarifiwa na kukubali. NEMC, chombo cha taifa cha kusimamia mazingira, ina ofisi ya kanda hapahapa Mbeya. Ikiwa na orodha ya stoo zilizojaa, ina cha kujadili na wenye mitambo. Isipokuwa na orodha, ina mabango ya elimu kwa umma tu.

Kinachonitia wasiwasi ni muda. Mipango ya bajeti za halmashauri huandaliwa miezi kadhaa kabla ya Julai, na 2027 haiko mbali. Kwenye ofisi ile niliyoitaja walibadilisha ghorofani tu. Chini, kwenye ukumbi tuliokuwa tumepanga foleni, nilihesabu tyubu 46 zikiwaka juu ya vichwa vyetu, mbili zikipepesa. Nilimuuliza fundi lini atazifikia. Akasema fedha ikitoka, akawasha kiberiti na kuyasogelea yale maboksi.